Kuoanisha roki ya progresivu ya Italia na ngoma za Kiafrika: mwongozo kamili

Mara ya kwanza nilikosea hesabu. Nilikuwa na kipande cha kinanda cha mishindo saba, nimekitunga usiku kucha baada ya kuwasikiliza Waitaliano wa miaka ya 1970, nikakipeleka kwa mzee mmoja anayepiga ngoma kwenye maharusi ya huku kwetu Malindi. Nikamwambia, "Mzee, naomba unipigie chakacha hapa." Akasikiliza, akapiga, akaacha. Akapiga tena, akaacha. Mara ya tatu akaulaza mkono juu ya ngozi na kunitazama.

"Mwanangu, kila wewe ukifika nyumbani, mimi nimeshatoka. Hii nyumba ni moja au mbili?"

Sikuwa na jibu. Miezi iliyofuata niliitumia kulitafuta, na mengi niliyoyapata nimeyaweka hapa. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kinanda au gitaa, kompyuta ya kurekodia, na watu wawili watatu wanaojua ngoma kwelikweli. Kama huna hao wa mwisho, watafute kwanza, kisha urudi tuendelee.

Malindi tumewazoea Waitaliano. Wamejenga, wamefungua mikahawa, na ukipita sokoni utasikia kijana wa Kigiriama akipatana bei kwa Kiitaliano safi. Mimi muziki wao niliupata kwenye kaseti zilizoachwa na wageni katika hoteli niliyokuwa nikipiga kinanda jioni.

Hatua ya kwanza: sikiliza kwa sikio la fundi

Roki ya progresivu, ambayo nitaiita progi ili tusichoshane, ni roki iliyokataa kukaa ndani ya dakika tatu. Nyimbo ni ndefu, zina sehemu nyingi, vinanda vinatawala, na hesabu ya midundo hubadilika njiani. Waingereza ndio walioivumisha. Waitaliano walipoipokea waliitia opera yao, muziki wa kanisani, na ngoma zao za vijijini.

Anza na Premiata Forneria Marconi wa Milan, maarufu kwa jina la PFM. Albamu yao ya kwanza, Storia di un minuto, ilitoka mwaka 1972. Humo tafuta Impressioni di settembre. Mwimbaji anaimba beti kwa upole, nawe unangoja kiitikio chenye maneno, lakini maneno yanakoma na sinthesaiza ya Moog, kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, inaimba peke yake. Kiitikio hakina neno hata moja. Shika jambo hilo, tutalitumia. Kisha usikilize È festa katika albamu hiyohiyo, uone kinanda kinavyoruka kwa mruko wa tarantela, ngoma ya kusini mwa Italia.

Kisha nenda kwa Area, nao wa Milan, na albamu yao Arbeit macht frei ya 1973. Mwimbaji wao, Demetrio Stratos, alizaliwa Alexandria nchini Misri mwaka 1945, wazazi wake Wagiriki. Albamu inafunguliwa na sauti ya mwanamke akisema Kiarabu, kisha bendi inaingia na wimbo wenye ladha ya Balkani. Kundi hili lina cha kutufundisha kuliko yote: mdundo wa kigeni hawakuupaka juu kama siagi kwenye mkate. Umekandwa pamoja na unga.

Ukitoka hapo shuka Naples. Mpiga saksofoni James Senese, aliyezaliwa na mama wa Naples na baba askari Mmarekani mweusi wa wakati wa vita, alianzisha Napoli Centrale na mpiga dramu Franco Del Prete, na albamu yao ya kwanza ikatoka 1975. Waliimba Kinapoli cha mitaani. Wapo watakaobisha kwamba hiyo ni jazi na funki zaidi kuliko progi. Wabishe, wewe sikiliza besi inavyokaa chini bila kuhangaika. Na kama una saa moja ya ziada, watafute Aktuala. Walitumia ngoma na filimbi za Afrika Kaskazini na Asia, na katika La Terra ya 1974 yumo Trilok Gurtu wa India. Hao watakufundisha kuacha nafasi, maana progi ina tabia ya kujaza kila pengo.

Angalizo: ukitafuta "afro ya Italia" mtandaoni utaletewa kitu kingine kabisa, muziki wa disko uliokuzwa na madijei kama Daniele Baldelli katika klabu ya Cosmic, karibu na Ziwa Garda, kuanzia 1979. Ni mtamu, lakini hiyo ni kazi ya kuchanganya sahani za santuri. Sisi tunatunga.

Upande wa Afrika sitakupa orodha ndefu. Msikilize mpiga dramu Tony Allen akipiga afrobeat nyuma ya Fela Kuti wa Nigeria, uone jinsi mikono miwili na miguu miwili inavyoweza kuwa watu wanne wasiogombana. Wasikilize Wagnawa wa Morocco, besi yao ya guembri ikizungushwa dakika kumi bila kuchosha. Baada ya hapo zima simu, uende harusini.

Hatua ya pili: chagua ngoma moja

Moja. Nimeona vijana wakichanganya chakacha, sindimba na afrobeat katika wimbo mmoja wa dakika nne kisha wakashangaa hautikisi mtu. Kila ngoma ina nyumba yake, na ukimhamisha mchezaji nyumba tatu kwa dakika nne atakaa chini.

Mimi ninatumia chakacha kwa sababu nimezaliwa nayo, na kwa sababu inakubaliana na Italia kwa njia nitakayoieleza punde. Zamani ilikuwa ya wanawake harusini, kisha bendi za pwani zikaiingiza kwenye vyombo vya umeme. Mombasa Roots waliifikisha mpaka disko. Wewe chukua ya kwenu, mradi iwe ngoma ambayo unaweza kuicheza kwa mwili. Kama kiuno chako hakiijui, vidole vyako vitaibahatisha tu.

Uliza pia ngoma hiyo ni ya nini. Nyingine ni za matanga, nyingine za kupunga pepo, na wenyewe hawapendi kuzisikia baa. Swali hilo huulizwa kabla ya mazoezi ya kwanza.

Hatua ya tatu: tafuta nyumba

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nitaita mshindo kile kipimo kidogo kabisa cha muda, kile ambacho kayamba hukichunga bila kuacha: cha-cha-cha-cha-cha-cha. Chakacha inazunguka kwa mishindo sita, na mzunguko huo ndio ninaouita nyumba: kila ukirudi kwenye mshindo wa 1, umefika nyumbani. Keti, upige mapaja. Paja la kushoto lipige kwenye mshindo wa 1 na wa 4. Paja la kulia kwenye 1, 3 na 5. Mkono mmoja unahesabu mbili, mwingine tatu, na yote mawili yanaishi ndani ya sita. Fanya hivyo mpaka uweze kuzungumza na mtu huku mikono ikiendelea. Itakuchukua siku kadhaa. Usijionee aibu, mimi nilifanyia kwenye matatu ya Kilifi na abiria wakasogea pembeni.

Sasa, tarantela nayo inatembea kwa mishindo sita. Mshiko wake ni tofauti, inaegemea zaidi ile hesabu ya mbili, lakini nyumba ni ileile. Ndiyo sababu zoezi langu la kwanza kwa mwanafunzi yeyote ni hili: kayamba na ngoma ya chakacha chini, kinanda kinachoruka kwa mtindo wa tarantela juu. Hakuna hesabu ya kuogopa, na vinafungana vyenyewe. Ukilipata, umeshavuka nusu ya safari bila kutoa jasho.

Unganisha sita mbili upate 12. Kumi na mbili ni namba tajiri: inagawika kwa 2, 3, 4 na 6. Afrika Magharibi, kwa Waewe wa Ghana na Togo na kwa Wayoruba, kuna mpigo wa kengele unaojulikana sana unaokaa kwenye 12 hiyo, ukigongwa kwenye mshindo wa 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Ujaribu kwa kijiko na chupa. Kengele hiyo haibadiliki wimbo mzima, wengine wote wanaitegemea. Kwetu pwani kazi hiyo unaweza kumpa mpiga upatu.

Turudi kwenye kosa langu. Nilikuwa na rifu ya mishindo saba, yaani kipande kifupi cha kujirudia, na nilitaka ngoma inifuate. Mzee alikuwa na nyumba ya 12. Mimi nilirudi nyumbani kila baada ya mishindo 7, yeye kila baada ya 12. Tukianza pamoja, tutakutana tena baada ya mishindo 84, ambapo mimi nimezunguka mara 12 na yeye mara 7. Kumbe hatukuwa tumepotezana. Tulikuwa njiani, na mimi nilikuwa nakata wimbo kabla hatujafika.

Kanuni ninayoifuata tangu hapo ni kwamba ngoma haibadilishi hesabu yake. Rifu ndiyo inayozunguka juu yake mpaka wakutane, na mahali pa kukutana ndipo pa kuweka tukio: sahani kubwa ya dramu ipigwe, kwaya iingie, au sehemu mpya ianze.

Muda wa kukutana unaweza kuupima. Ukiweka kasi ya mapigo makubwa 100 kwa dakika, kila pigo likiwa na mishindo mitatu, unapata mishindo 5 kwa sekunde. Rifu ya mishindo 8 itakutana na ngoma ya 12 baada ya mishindo 24, yaani sekunde 4.8. Ya mishindo 9, baada ya 36, sekunde 7.2. Ya 5 itachukua mishindo 60, sekunde 12. Ya 7 ni sekunde 16.8. Anza na 9 au 8. Sekunde saba za kusubiri mtu huzivumilia, tena huzipenda, kama unavyosubiri embe lianguke baada ya kulirushia jiwe. Sekunde 17 zinataka wachezaji wanaoaminiana na msikilizaji aliyeshashikwa tayari.

Kwenye programu ya kurekodia, weka mradi wote katika 12/8, yaani mishindo 12 kwa kila mzunguko, na usiuguse tena. Rifu ya saba iandike kama kipande cha mishindo saba, ukirudie mara 12, ukiache kiteleze juu ya mistari ya programu. Ukibadilisha mradi kuwa 7/8, umeshamvunjia mpiga ngoma nyumba yake.

Hatua ya nne: dramu na besi zipunguze kelele

Mpiga dramu wa progi amezoea kuwa mfalme. Hapa kuna kayamba, upatu, msondo na labda tumba. Akipiga haihati, zile sahani mbili zinazobanwa kwa mguu, kwenye kila mshindo anafanya kazi ya kayamba, tena vibaya. Mwambie aiache haihati, kiki, ile ngoma kubwa ya mguu, aitie sehemu moja tu katika mzunguko, na ile sneya, ngoma ndogo ya mlio mkali, ya pigo la pili na la nne aisahau kabisa. Anachoweza kuongeza kwa faida ni sahani na toma, zile ngoma za kati za dramu, kwenye mahali pa kukutana. Wengine watanuna. Wape wiki.

Besi ifuate ngoma ya sauti nzito, si gitaa. Ninachofanya ni kumkalisha mpiga besi karibu na mpiga msondo bila kipaza sauti, wapige wawili tu kwa nusu saa. Akitoka hapo besi yake ina noti chache na mapengo mengi.

Hatua ya tano: vinanda, na ugomvi wa sauti

Ogani ya Hammond, Mellotron na Moog ndizo sauti za zama zile. Leo zote unazipata ndani ya kompyuta, lakini fahamu tabia ya vyombo vyenyewe. Mellotron halisi ilikuwa na mkanda wenye sauti iliyorekodiwa, kama ya fidla, chini ya kila kidole, na mkanda huo ulidumu kama sekunde 8 kisha ukaisha. Kwa hiyo wapigaji walilazimika kuachia na kushika upya, na muziki ukapata pumzi. Ukitumia ya kompyuta ambayo haiishi, jilazimishe kuachia. Vinginevyo utatandaza blanketi zito la nyuzi juu ya ngoma na usisikie tena ngozi.

Tatizo kubwa ni tuni. Ngoma ina noti yake, na hapa pwani unyevu unailegeza. Yule mzee huwasha makuti makavu, anaipitisha ngozi juu ya mwali akiizungusha kama anayekausha samaki, kisha anaigonga kwa kidole gumba karibu na sikio. Hagongi katikati, anagonga pembeni. Anarudia mpaka uso wake ukubali. Mimi husubiri amalize, ninarekodi pigo moja kwa simu, programu ya kupimia tuni inaniambia ni noti gani, na kinanda ndicho kinachohama kuifuata. Ukianza na kinanda kwenye D halafu ukataka ngoma ipande, utamchosha mzee na utaipasua ngozi. Na jua ya kwamba chumba chenye kiyoyozi kitaibadilisha tena, kwa hiyo pima kila baada ya nusu saa.

Ukitumia ala zenye noti kama marimba za vidole, mambo ni mazito zaidi. Chukua ilimba ya Wagogo wa Dodoma. Noti zake hazifuati kinanda, zinakaribia sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi mmoja ukitetemeka. Sauti ya saba katika ngazi hiyo iko senti 31 chini ya ile ambayo kinanda kingekupa, ambapo nusu toni moja ni senti 100. Ukiziweka pamoja bila kurekebisha, kinanda kinasikika kikali na ilimba inasikika kama imeharibika, kumbe kila moja iko sawa kwao. Sinthesaiza nyingi za kompyuta zina sehemu ya kubadili tuni ya noti mojamoja. Shusha noti hiyo kama senti 30, kisha usikilize. Ilimba usiiguse.

Hatua ya sita: sauti na maneno

Kumbuka kile kiitikio kisicho na maneno. Huku kwetu nyimbo za ngoma ni za wito na mwitikio, kiongozi anatoa, kundi linajibu. Ukiunganisha hizo mbili unapata kitu kizuri sana: Moog itoe wito, kwaya ijibu. Wito uwe mfupi, noti nne au tano, na uishe kabla ya mahali pa kukutana ili kwaya ndiyo ifike nyumbani.

Imba kwa lugha unayoiota. Osanna wa Naples waliingiza Kinapoli katika albamu yao Palepoli ya 1973, na Napoli Centrale walijenga jina lao kwa lugha hiyo. PFM walipotafuta soko la nje walitoa albamu ya Kiingereza, Photos of Ghosts, 1973, yenye maneno ya Pete Sinfield. Ilisikilizwa mbali, lakini mimi nikizilinganisha na zile za Kiitaliano, bado narudi kwenye Kiitaliano.

Hatua ya saba: umbo la wimbo

Wimbo mrefu wenye sehemu nyingi si jambo geni kwetu. Katika muziki wa dansi wa Tanzania tunaanza taratibu, maneno yanasimuliwa, kisha unaingia chemko, magitaa yanasokotana na watu wanaacha viti. Jenga hivyo. Dakika tatu za simulizi, rifu ikizunguka juu ya ngoma. Kisha sehemu ya utulivu, filimbi na kinanda bila ngoma kabisa, isipokuwa kayamba akiichunga nyumba kwa mbali. Kisha chemko, ngoma ikiongezwa kasi.

Kayamba asinyamaze kwenye utulivu. Nilimnyamazisha mara moja, na ngoma iliporudi kila mtu alikuwa na 1 yake.

Hatua ya nane: kurekodi

Ngoma zirekodiwe kwanza, zote pamoja, chumba kimoja, wapigaji wakionana macho. Kliki, ule mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo, usiwape wote, itawaua. Mpe mpiga upatu peke yake sikioni, wengine wamfuate yeye kama walivyozoea. Kwenye chemko mtolee kliki hata yeye, waache wapande kasi wanavyotaka, kisha ukae na kompyuta uandike ramani ya kasi ukifuata mapigo ya upatu. Ni kazi ya alasiri nzima, lakini baada ya hapo vinanda vyote vinakaa.

Maiki tatu zinatosha: moja mbele ya msondo, moja juu ya kundi zima, moja karibu na kayamba na upatu. Vinanda na magitaa baadaye. Kwenye kuchanganya sauti, kazi kubwa ni chini kabisa, kati ya hezi 60 na 120, ambako kiki, besi na msondo hugombea kiti kimoja. Msondo abaki, wawili hao uwakate.

Majina ya wapiga ngoma yaandikwe kwenye kazi kama wasanii, na mgao wao mkubaliane kwa karatasi kabla ya kuwasha maiki.

Hatua ya mwisho: kupima

Usipeleke kwa wanamuziki wenzako, watakusifu kwa hesabu. Mimi huwapelekea kina mama wa mtaani wanaojua chakacha, wakiwa jikoni wanakuna nazi, na siwaambii ni nini. Ninaweka spika kibarazani na kutazama mabega. Wimbo wangu wa kwanza uliokamilika ulikuwa wa dakika tisa. Ulipofika dakika ya nne, ile rifu ya saba ilipoanza kuteleza, shangazi mmoja akaacha kukuna. Nikajua nimeharibu. Akainua kichwa, akasikiliza, nazi imesimama mkononi, na mishindo 84 ilipotimia akagonga sufuria pamoja na upatu, kisha akaendelea na nazi yake.